Nani Mzazi wa Aya?

Katika XML, lugha ya kompyuta inayoyawekea maandishi alama ziitwazo tagi, hakuna ng'ombe. Mbuzi yupo, kondoo yupo, punda wa kubeba maji naye yupo, lakini mwanafunzi akiandika tagi <ng'ombe> programu inakwama papo hapo na kumtajia namba ya mstari wenye kosa. Kisa ni ritifaa. Kanuni za majina ya tagi zinapokea herufi za maandishi mengi ya dunia, Kiarabu na Kichina yakiwemo, ila kile kialama kidogo hakimo. Kwa Dodoma, ambako Chuo Kikuu kilichoanzishwa mwaka 2007 kimekaa katikati ya nchi ya Wagogo, watu wanaohesabu mahari kwa mifugo, hicho ni kichekesho chenye uchungu kidogo. Mtu anaandika <ngombe>, maisha yanaendelea.

Ritifaa huondolewa kwa sekunde moja. Lipo jambo jingine katika wiki za mwanzo za somo la XML, popote linapofundishwa, ambalo haliondoleki hivyo, na kwa kawaida hupita darasani bila mtu kuuliza swali.

Jambo lenyewe ni kwamba kila kitu sharti kiwe na mzazi mmoja.

XML ilitangazwa rasmi Februari 1998, ikiwa ni SGML, lugha mama yake ya mwaka 1986, iliyopunguzwa uzito ili ifae kwenye intaneti. Sharti lake kuu ni jepesi: tagi ikifunguliwa lazima ifungwe, na iliyofunguliwa mwisho ndiyo itangulie kufungwa, mithili ya sufuria zilizotiwa moja ndani ya nyingine. Kinachotokea ni mti wenye mzizi mmoja, na wahandisi wakiueleza hutumia lugha ya ukoo: mzazi, mtoto, ndugu, mhenga. Ni ukoo wa ajabu lakini. Hauna baba mkubwa wala mama mdogo, wala mtoto aliyezaliwa Kondoa akalelewa na bibi yake Mpwapwa na kuitwa wa huko kote kuwili.

Mwaka 1990 wasomi wanne, Steven DeRose, David Durand, Elli Mylonas na Allen Renear, waliuliza matini ni nini hasa, wakajibu kwamba ni vitu vilivyopangwa kwa ngazi, kimoja ndani ya kingine: kitabu, sura, aya, sentensi. Hawakuishia kusema kwamba mpango huo unafaa kwa kuhifadhi maandishi. Walidai kwamba ndivyo matini ilivyo. Hilo si dai la fundi wa kompyuta, ni dai la mwanafalsafa, na miaka michache tu baadaye watatu kati yao walirudi kulipunguza makali, maana ngazi zilikuwa zinapandana.

Kiswahili kinaufikia ubishi huo kwa njia ya mkato, kupitia neno moja. Mwalimu wa insha akisema "aya" anakusudia fungu la sentensi linaloanza nafasi kidogo ndani ya ukurasa. Ustadhi wa madrasa akisema "aya" anataja ishara itokayo kwa Mwenyezi Mungu, yenye namba yake. Mwanafunzi akitaka kuweka Kurani pamoja na maelezo ya mfasiri katika faili moja, atakuwa na <aya> za namna mbili zinazogombea jina. Kwa hilo dawa ipo tangu 1999: kila jina hupewa kiambishi kinachoelekeza kwenye anwani fulani, mathalani <insha:aya> na <kurani:aya>. Anwani hiyo si lazima iwe na chochote ndani. Kazi yake ni kutenganisha tu, kama vile kina Juma wawili wanavyotenganishwa kwa kusema Juma wa Ihumwa na Juma wa Mvumi.

Majina yametengana. Uzazi bado.

Sura ya Al-Baqara ina aya 286. Msomaji anayegawa Kurani katika juzuu 30, moja kwa kila usiku wa Ramadhani, huikuta sura hiyo imeanzia juzuu ya kwanza, ikapita ya pili yote na kuishia ndani ya ya tatu, ambayo nayo huendelea hadi katikati ya Aal-Imran. Basi sura haimo ndani ya juzuu, wala juzuu haimo ndani ya sura. Anayeandika XML atachagua mmoja awe mzazi, na mwingine atamgeuza kuwa orodha ya alama: juzuu ya pili inaanza sura ya 2, aya ya 142. Ndivyo ulivyofanya mradi wa Tanzil, ulioanza 2007 kwa lengo la kutoa matini ya Kurani iliyohakikiwa kwa matumizi ya kompyuta. Sura ni mwili, juzuu ni alama.

Na hapo ndipo penye uzito, maana alama si mwili. Mafaili ya Tanzil yameihesabu bismillahi ya Al-Fatiha kuwa aya ya kwanza. Kwa sura nyingine, isipokuwa At-Tawba isiyo nayo, XML yake inaibandika bismillahi kama sifa pembeni ya aya ya kwanza, bila namba yake yenyewe. Waislamu wengi wa Afrika Mashariki ni wafuasi wa Imamu Shafii, na katika madhehebu hiyo kauli yenye nguvu ni kwamba bismillahi ni aya mwanzoni mwa sura hizo pia. Wamaliki hawaihesabu hata katika Al-Fatiha. Wanazuoni walijadiliana juu ya hilo kwa karne nyingi na kuheshimiana wakiwa wametofautiana. Faili haliwezi kutofautiana na nafsi yake. Limeshika kauli moja kabla mwanafunzi hajalifungua.

Wakristo nao wana lao. Mgawanyo wa sura za Biblia unaotumika leo hunasibishwa na Stephen Langton wa karne ya 13, na namba za mistari ya Agano Jipya zilitiwa na mchapishaji Robert Estienne mwaka 1551. Yeyote anayesoma Mwanzo anaona mshono: siku ya saba ya uumbaji imetupwa sura ya pili, na katika mstari wa 4 wa sura hiyo tafsiri nyingi hufungua fungu jipya katikati ya mstari. Muundo wa USX, ambao vyama vya Biblia duniani hutumia kuhifadhi tafsiri, umelikubali fungu kuwa mwili. Mstari umebaki nukta mbili, hapa unaanza na hapa unaisha. Dodoma ndiko yaliko makao makuu ya Chama cha Biblia cha Tanzania, na katika makanisa ya jiji hilo watoto wa shule ya Jumapili hukariri kwa mistari, si kwa mafungu. Kile wanachokibeba kichwani, ndani ya faili hakina kiwiliwili.

Baada ya hayo huja skima, yaani orodha ya masharti, na programu ya ukaguzi hutoa hukumu kwamba faili ni "halali". Neno zito kwa kazi nyepesi! Kinachopimwa ni mpangilio tu. Faili lenye maneno ya Yohana ndani ya kitabu cha Luka litapita salama, ilimradi kila tagi imekaa mahali ambapo skima inairuhusu.

Mashariki ya jiji la Dodoma, Ihumwa, ndiko alikozaliwa mwaka 1917 Mathias Mnyampala, aliyezienzi na kuzieneza ngonjera, na aliyetunga Utenzi wa Enjili Takatifu. Ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani nane nane, na kina cha mwisho huvuka kutoka ubeti hadi ubeti kikiufunga utungo mzima. Anayetaka kuuweka katika XML atafanyaje? Ubeti ni mtoto wa utenzi, lakini habari yake ni mtoto wa Injili, ambayo haikuandikwa kwa mizani. Njia moja ni kuyaacha maneno matupu, bila tagi hata moja, na kuweka mafaili pembeni, moja la beti, moja la sentensi, moja la marejeo ya Injili, kila moja likionyesha kwa hesabu ya herufi wapi pa kuanzia na wapi pa kuishia. Wanakili wa misahafu ya kale walifika huko kwa kalamu: herufi kwa wino mweusi, na irabu, zilizoongezwa baadaye, kwa nukta nyekundu, ili msomaji ajue lipi ni neno na lipi ni msaada. Hata hizo nukta, wapo wanazuoni wa mwanzo waliozikataa.

Mafaili ya pembeni yana udhia wake, na kila aliyewahi kuyatumia anaujua. Rekebisha herufi moja tu juu kabisa ya matini, tuseme urudishe ritifaa ya ng'ombe, na hesabu zote zinazofuata zinateleza hatua moja: kila ubeti unaanza herufi moja kabla ya mahali pake.