Je, Kupumzika ni Kumwibia Mungu?



Siku za kiangazi zimefika tena. Mvua za vuli zimekwisha, njia zimekauka, na jioni watoto hutuita: "Baba, twende tukatembee kule migombani." Nasi hujibu upesi: "Tuna kazi ya Bwana." Neno hilo lasikika kuwa jema. Lakini ulifika mwaka ambao mtoto wetu mmoja aliacha kutuita. Ndipo tuliposhtuka, tukajiuliza: Je, saa ya kutembea na watoto, au ya kupalilia bustani pamoja nao, ni saa aliyoibiwa Mungu?

Na tumtazame Dakta Martin Luther. Katika kiangazi cha mwaka 1530 alikaa katika ngome ya Coburg, huku Philipp Melanchthon na wenzake wakiwa Augsburg, wakilitengeneza lile Ungamo lililosomwa mbele ya Kaisari tarehe 25 Juni. Kazi ilikuwa nzito na hatari ilikuwa kubwa. Hata hivyo Luther alimwonya Melanchthon asijiue kwa kazi, maana Mungu hutumikiwa hata kwa kupumzika. Tena mwezi uleule wa Juni alimwandikia mwanawe Hans, mtoto wa miaka minne, habari za bustani nzuri ambamo watoto huokota matunda chini ya miti na kucheza kwa furaha. Kalamu iliyolitumikia Kanisa haikuona haya kumtumikia mtoto.

Wako watakaosema: "Kazi ya Injili yangoja, nasi tu wachache, kupumzika ni uvivu." Kweli, uvivu uko. Twaujuaje? Mvivu huukimbia mzigo wake akamwachia jirani. Apumzikaye kwa haki hurudi akiwa tayari kuuchukua hata mzigo wa mwenziwe.

Hapa sisi akina baba na tujihukumu. Huko Wittenberg ni Katharina, mkewe Luther, aliyeangalia bustani, mifugo na wageni wa nyumba ile. Sisi tukitembea jioni, huku mama wa watoto akiteka maji, akikata majani ya ng'ombe na kupika peke yake, mapumziko yetu ni ya wizi kweli. Naye tuliyemwibia yumo jikoni mwetu.

Tena tukumbuke: maharagwe yakikosa msimu huu hupandwa msimu ujao, bali utoto haupandwi mara ya pili. Mungu alimweka Adamu bustanini ailime, na Isaka alitoka jioni kutafakari kondeni. Hawakumwacha Mungu kwa kwenda huko.

Basi, ndugu, jioni moja ya juma hili tuichukue kwanza ndoo ya maji sisi wenyewe. Kazi ya nyumba ikiisha, twende shambani pamoja, watoto na mama yao. Na yule aliyeacha kutuita, safari hii tumwite sisi.