Soko ni la Nani?

Mtu akijenga nyumba ana haki ya kumwambia mgeni asiyempenda atoke. Hapana mwenye akili abishaye juu ya jambo hili. Lakini akijenga mahali ambapo mji mzima huja kununua chakula, kukutana na kuzungumza, je, haki yake ni ile ile? Nakualika, msomaji, ulipime swali hili kwa kisa cha mji mmoja mdogo wa Marekani.

Altoona, katika jimbo la Pennsylvania, ni mji uliozaliwa na reli. Kampuni ya reli iliuanzisha mwaka 1849, kama reli ilivyoizaa Nairobi miaka 50 baadaye. Kwa muda mrefu watu wake walinunua mahitaji yao katika barabara za mji, ambazo ni za wote. Mwaka 1965 yakajengwa maduka mapya kando ya barabara kuu, yakaitwa Logan Valley Plaza. Yalianza mawili tu, na mbele yake kiwanja kipana cha kuegesha magari. Njia za miguu, kiwanja, hata kivuli cha baraza, vyote vilikuwa mali ya wenyewe.

Desemba ya mwaka ule, kabla duka la vyakula halijatimiza siku kumi tangu kufunguliwa, watu wa chama cha wafanyakazi walisimama mbele yake na mabango. Yaliandikwa kwamba wafanyakazi wa humo hawakuwa wanachama, wala hawakupata mshahara wa kiwango cha chama. Mahakama ya pale iliwaamuru watoke, wakasimame ukingoni mwa barabara kuu. Hebu fikiri: bango dogo, na magari yanapita mbio. Nani atalisoma?

Shauri lilifika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1968. Hukumu ya wengi iliandikwa na Jaji Thurgood Marshall. Huyu ndiye aliyewashauri viongozi wa Kiafrika wa Kenya katika mkutano wa katiba wa London mwaka 1960, akawaandikia rasimu ya haki za raia. Na rasimu ile ililinda mali pia, isichukuliwe bila fidia ya haki. Hakuwa mtu wa kudharau mali. Hata hivyo aliona kwamba maduka yale yalikuwa yameshika mahali pa barabara za mji, na kwamba aliyewafungulia watu wote mlango hawezi kuwafunga vinywa kwa hati ya ardhi peke yake.

Jaji Hugo Black alipinga, na upinzani wake si wa kupuuzwa. Mwaka 1946 yeye mwenyewe alimtetea mwanamke aliyegawa maandishi ya dini Chickasaw, Alabama, mji uliomilikiwa wote na kampuni ya kuunda meli. Lakini ule, kwake, ulikuwa mji kamili, wenye nyumba na barabara. Haya yalikuwa maduka tu.

Hoja hii ni nzito, na nimewaona wanafunzi hodari wakiishika bila kutikisika. Nadhani inasahau jambo moja. Mji si mahali pa kulala tu. Ni mahali ambapo mtu hukutana na neno asilolitafuta: la mhubiri, la mgombea kura, la mwenye malalamiko. Katika masoko yetu ya wazi huenda kununua nyanya ukarudi umesikia hotuba. Wala tusimlaumu tajiri peke yake. Hapana aliyewaburura watu wa Altoona kutoka barabara za mji wao. Walijiendea, wakifuata nafasi ya gari.

Baadaye mahakama ile ile iligeuka. Mwaka 1972 iliipunguza nguvu hukumu ya Marshall, na mwaka 1976 ikaitangua, naye akipinga mara zote mbili. Mwaka 1980 ikakubali kwamba jimbo likipenda laweza kutoa uhuru zaidi kwa katiba yake. Hivyo ndivyo walivyoshinda wanafunzi wa sekondari waliofukuzwa na mlinzi wa maduka ya Campbell, California, walipokuwa wakikusanya sahihi za watu. Mahakama ya Pennsylvania iliikataa njia hiyo mwaka 1986. Basi ukifika Altoona na karatasi zako za sahihi, na mwenye maduka akasema hapana, mahali pako ni kule kule ukingoni mwa barabara.