Utulivu Uliobeba Nguvu

Somo: Yeremia 6:13–15 na Isaya 32:16–18



Juma hili nimekaa na nabii Yeremia na swali linalochoma ndani ya lawama zake kwa makuhani: mnapotangaza amani, mmepima nini? Hakuwagombeza kwa kuipenda amani. Aliwagombeza kwa kufunga kidonda ambacho hawakukiosha. Sisi wa Kibati hatuhitaji kuelezwa sana. Mwishoni mwa 2008 makumi ya maelfu ya wakimbizi wa vita walilala kando ya barabara hii ya Rutshuru. Novemba 2012 vita vilipita hapa vikishuka Goma. Agosti 2013 mizinga ilirindima vilimani kwetu. Kanyaruchinya, hapo chini tu, ilifurika watu tena mwaka 2022, na Januari 2025 wakatawanyika. Katikati ya tarehe hizo ilipita miezi mingi ya kimya, na kila mara alikuwepo wa kusema kwamba sasa yamekwisha.

Msaada wa kulijibu swali la nabii nimeupata kwa wanahisabati. Naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu watu hawa walikataa jibu rahisi, na walilikataa kwa uaminifu ambao sisi wahubiri tungeutamani.

Mwaka 1936 Francis Murray na John von Neumann, mzaliwa wa Budapest, walianza kuchapisha kazi juu ya aina mpya ya aljebra. Humo hawajumlishi wala kuzidisha namba tulizozizoea shuleni, bali opareta, ambazo ndizo zinazobeba vipimo vya vitu vidogo kabisa vya asili. Na mpangilio wake una uzito: kuanza na hiki ukamalizia na kile si sawa na kuanza na kile. Aljebra hizo leo zina jina la von Neumann. Hali ya kitu, kwa lugha yao, ni kanuni inayoipa kila opareta wastani wake unaotarajiwa.

Basi katika hali zote hizo, ipi ina msawazo? Mtu wa haraka atasema: ile isiyobadilika. Lakini ziwa la lava ndani ya Nyiragongo linaweza kukaa miaka likionekana vilevile, huku joto likipanda kutoka chini na kutokea juu bila kupumzika. Hali hiyo haina msawazo. Inalishwa tu mfululizo. Walitaka alama ya ndani zaidi. Ryogo Kubo mwaka 1957, kisha Paul Martin na Julian Schwinger mwaka 1959, walikutana nayo katika hesabu za joto, na mwaka 1967 Rudolf Haag, Nico Hugenholtz na Marinus Winnink wakaonyesha kwamba alama hiyo, inayoitwa sharti la KMS, inatosha kuutambulisha msawazo hata wa kitu kisicho na mwisho wa ukubwa. Mwaka huohuo Minoru Tomita, Mjapani aliyepoteza usikivu akiwa na miaka miwili tu, alileta kazi ambayo Masamichi Takesaki aliinyoosha na kuitoa mwaka 1970. Kazi hiyo inasema kwamba ndani ya aljebra ya von Neumann, hali isiyopuuza sehemu yoyote huzaa mwendo wake yenyewe wa wakati, na kwa mwendo huo inatimiza sharti lilelile la msawazo. Wale walitoka upande wa joto, huyu upande wa hisabati tupu, wakakuta wamesimama mahali pamoja. Mimi nikisoma hilo namshukuru Mungu, na sioni haya kusema hivyo.

Ila lililonikamata ni la mwaka 1978, la Wiesław Pusz na Stanisław Woronowicz. Wao waliuliza jambo ambalo hata fundi wa mota angeuliza: ukikichezea kitu hiki, ukakisukuma na kukivuta, kisha ukairudisha mitambo yako mahali ilipoanzia, je, utakuwa umechuma kazi yoyote kutoka kwake? Kama huwezi kuchuma chochote kwa hila yoyote, hali hiyo imetulia. Halafu wakaongeza sharti gumu. Chukua nakala nyingi za kitu hicho, uziunganishe, ujaribu tena. Zipo hali ambazo nakala moja haitoi kitu, lakini zikikutana kadhaa, nguvu inachomoka. Inayoshinda jaribio hilo kwa nakala zozote zile ni ile ya msawazo wa KMS, au ile iliyo chini kabisa, isiyo na pa kushukia zaidi.

Sasa tazameni vitu vyetu. Chukudu, kile chombo chetu cha mbao cha magurudumu mawili, iliyoshehenezwa magunia ya viazi vya Kibumba, imesimamishwa ukingoni mwa barabara kwa kuegemezwa kijiti, imetulia kabisa. Mtoto akikigusa kijiti kwa kidole, viazi vyote viko mtaroni. Huo ni utulivu ambao kila mtu anauogopa. Ziwa Kivu ni jambo lingine. Lina kina cha mita 485, na chini limebeba takribani kilomita za ujazo 300 za gesi ya kaboni dioksidi na 60 za methani, zikikandamizwa na uzito wa maji ya juu. Lilisukumwa: Januari 2002 lava ilivuka mji wa Goma ikaingia majini, na gesi haikufumuka. Kwa jaribio la kusukumwa, ziwa limefaulu. Lakini ng'ambo ya Rwanda, Karongi, mtambo wa KivuWatt unavuta methani hiyohiyo na kutoa megawati 26 za umeme. Mahali panapotoa kazi kiasi hicho hapana msawazo, hata uso wa maji uwe laini namna gani. Na ziwa Nyos kule Kameruni, dogo mno likilinganishwa na letu, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 lilitapika gesi ikaua watu zaidi ya 1,700.

Kwa hiyo kutolipuka kwa kusukumwa hakutoshi. Lazima tuulize kuna nini chini ambacho mtu mwenye hila anaweza kukichuma. Vijana wetu mmoja mmoja ni wapole. Anakuja mtu na maneno na pesa kidogo, anawakusanya ishirini, na kitu kinachomoka ambacho hakikuonekana kwa hata mmoja wao. Hawezi kuwatia asichokikuta. Anachuma dharau ya zamani, shamba lililonyang'anywa, ndugu aliyeuawa bila mtu kuulizwa. Isaya anaiweka amani kama zao la haki, na nadhani sababu ni hiyo: haki ndiyo inayoondoa akiba hiyo ya chini, mpaka mchumaji akija akute patupu.

Nisieleweke vibaya. Msawazo kamili wa fizikia ni wa jiwe la lava lililopoa. Mwili hai hauna msawazo huo, ndiyo maana unakula kila siku. Siwaombei ubaridi. Nimechukua jaribio lao tu, si jiwe.

Nalichukua kwa sababu ya jambo lililo mlangoni petu. Lava ya usiku wa tarehe 22 Mei 2021 ilikata barabara hii ikafika mpaka Buhene, ikafukia nyumba pamoja na mipaka ya parseli. Katika ushirika wetu zipo jamaa ambazo tangu hapo hazikubaliani mpaka wao ulipita wapi juu ya jiwe lile jeusi. Wanasalimiana vizuri mlangoni mwa kanisa. Wanapokea meza ya Bwana pamoja. Tumewasukuma kwa maneno mara kadhaa nao hawakugombana, nasi wachungaji tukaona inatosha. Haitoshi. Siku mmoja wa watoto wao atakapopata rafiki mwenye silaha, parseli ile itakumbukwa.

Jumatano baada ya ibada ya asubuhi wazee wa kanisa na mashemasi watakutana na jamaa hizo palepale kwenye lava, si ofisini. Chefu wa mtaa ameombwa awepo. Kila upande uje na karatasi zake, na jirani mmoja mzee anayekumbuka mti au kisima kilichokuwa alama. Kamba ya kupimia tutaleta sisi. Ambaye karatasi zake ziliungua aje pia. Katibu ataandika ushuhuda wa majirani zake, nao watautia sahihi.