Aliyeua na aliyenusurika: kosa lao ni moja?



Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa kosa: kushughulika na simu wakati wa kuendesha gari au pikipiki.

Chukua mfano huu. Madereva wawili wametoka Uvira asubuhi, kila mmoja na gari yake, wanakwenda Baraka. Wewe unaijua barabara ile: inafuata ziwa Tanganyika, inapita Makobola, Swima na Mboko, na vijijini watoto wanavuka na bidoni zao wakitoka kuteka maji. Ndani ya kijiji simu ya kila mmoja inalia, na kila mmoja anainamisha kichwa kusoma mesaji. Wa kwanza anainua macho: barabara ni tupu. Anafika Baraka salama, anakunywa chai yake. Wa pili anainua macho: mtoto yuko mbele ya gari, na breki haiwahi tena.

Jioni watu wote wanamlaumu wa pili. Wa kwanza hakuna anayemtaja. Sasa ninakuuliza: wa pili alifanya nini ambacho wa kwanza hakukifanya?

Ni kweli kwamba madeni yao si sawa. Katika dini yetu, aliyeua kwa kukosea anadaiwa diya kwa jamaa za marehemu na kafara mbele ya Mola wake, hata kama hakukusudia. Wa kwanza hana deni hilo. Lakini kitendo cha macho na mikono yao ni kimoja. Mtoto kuwako njiani au kutokuwako, hakuna kati yao aliyelipanga. Basi usalama wa yule wa kwanza si sifa yake. Amesitiriwa tu. Na mtu aliyesitiriwa wajibu wake ni kutubu, si kurudia.

Hapa ndipo hatari ilipo. Kunusurika ni mwalimu mbaya. Leo umesoma mesaji ukapona, kesho umesoma ukapona, mwishoni unasema: mimi nina uzoefu. Kumbe hukujifunza kuendesha vizuri, umejifunza kutoogopa.

Fanya hesabu wewe mwenyewe. Gari inayokwenda kilomita 60 kwa saa inapita karibu mita 17 kila sekunde. Ukitazama simu sekunde tatu, umekwenda mita 50 bila macho. Hata ukienda pole pole, kilomita 40 kwa saa, ni mita 33. Je, unaweza kufumba macho kwa mita 33 mbele ya nyumba yako, hali watoto wako wanacheza nje? Huwezi. Basi kwa nini unafumba mbele ya nyumba ya mwenzako?

Utasema: «Mimi sishiki simu, ninaongea kwa kifaa cha masikio.» Mwendesha pikipiki naye ameibana kati ya kofia na sikio, anasema mikono yake yote miwili iko kazini. Lakini wataalamu waliopima jambo hili wameona kwamba macho yanaweza kuelekea njiani na akili isione. Abiria aliye kando yako akiona hatari ananyamaza, au anapiga kelele ukumbuke. Aliye upande wa pili wa simu haoni kitu, anaendelea kukuuliza habari za bei ya samaki.

Wengine husema: «Ajali ni kudra ya Mungu.» Ndugu yangu, kudra tunaikubali, lakini hatuifanyi shahidi wa uzembe wetu. Mkopaji akikataa kukulipa akisema ni kudra, utamkubalia? Roho za abiria ni amana nzito kuliko pesa.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Mwaka 2006, katika jimbo la Utah huko Marekani, kijana wa miaka 19 alikuwa akienda kazini asubuhi huku akiandikiana mesaji. Gari yake ilivuka mstari wa katikati, na wanaume wawili waliokuwa katika gari iliyokuja mbele wakafa. Kwanza alikana, kumbukumbu za simu zikaonyesha ukweli. Baadaye alikiri, akaanza kuzunguka mashuleni kuwaonya vijana wenzake. Mwaka 2009 jimbo lile likaweka sheria kali juu ya mesaji garini. Lakini fikiri: asubuhi ile ni wangapi waliosoma mesaji njiani wakafika salama? Hakuna aliyewaita barazani kuonya watu. Hao ni sisi.

Najua dereva atasema: simu ya mteja ndiyo mkate wa watoto. Ni neno la kweli, hatulidharau. Lakini mteja akingoja dakika tano hafi. Simama kando ya njia, kisha mpigie.

Na wewe usiyeendesha, usijione uko mbali. Unapompigia dereva mara tatu mfululizo, nawe unajua yuko njiani, umemshika mkono wake wa usukani. Ukisikia yuko safarini, mwambie «tutaongea ukifika», ukate. Na ukiwa abiria, usione haya kumwambia: «Baba, weka simu kwanza.» Kunyamaza kwako si adabu.

Leo, baada ya swala, utatoka msikitini na utawasha tena simu yako. Ukipanda usukani, izime au mpe uliye naye aishike. Na kama wewe ni yule wa kwanza, aliyefika Baraka akanywa chai, basi mshukuru Mola kwa kumwombea msamaha leo, kabla mtoto hajatokea njiani.

Wabillahi tawfiq.