Kupisha Nuru na Kubeba Mzigo

Wapo watu wasifiwao kwa sababu hawamzuii mtu, na wapo wasifiwao kwa sababu hubeba mengi. Wa kwanza huitwa wapole. Wa pili huitwa wenye nguvu. Ni nadra sifa hizi mbili kukaa katika mwili mmoja, na swali la zamani la maadili ni kama zaweza kukaa pamoja pasipo moja kuila nyingine. Siku hizi swali hilo limeulizwa upya na kitu kisicho na moyo wala ulimi, nacho ni utando wa grafini uwekwao juu ya seli za umeme wa jua.

Huko Ngombezi, karibu na mji wa Korogwe, jua halina ubahili. Huyaangaza mashamba ya mkonge na mapaa ya nyumba bila ya kuuliza nani mwenye mali. Seli nyembamba ya jua hulipokea jua hilo kwa tabaka la mikroni chache tu, jembamba kuliko unywele wa mtu. Nuru ikiingia huamsha chaji za umeme, lakini chaji zilizoamka hazina faida mpaka ziokotwe na kupelekwa njiani. Hapo ndipo penye shida. Mwokotaji mmoja hana budi kukaa usoni, mahali pale pale nuru iingiapo. Akiwa bamba la shaba, yu tayari kubeba umeme wote, ila hautazaliwa umeme wowote kwa kuwa amelifunika jua. Akiwa kioo kitupu, nuru itapita na umeme utazaliwa, lakini utakufa papo hapo, maana kioo hakibebi kitu.

Kwa miaka mingi kazi hii imefanywa, katika aina nyingi za seli, na oksidi ya indiamu na bati. Lakini indiamu ni adimu, hupatikana kwa uchache katika usafishaji wa madini ya zinki, na utando wake hupasuka ukikunjwa. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov, wa Chuo Kikuu cha Manchester, walionyesha ukurasa wa kaboni wenye unene wa atomu moja, walioubandua kwa utepe wa gundi kutoka katika kinywe, jiwe jeusi litumiwalo katika penseli. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2010. Ukurasa huo hupisha kama asilimia 97.7 ya nuru, na hukunjika pasipo kupasuka kwa urahisi. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba mwokotaji mkamilifu amepatikana.

Haikuwa hivyo. Ukurasa mmoja, kwa wembamba wake, huukinza umeme kuliko oksidi ile, na umeme ukinzwao hugeuka joto lisilomfaa mtu. Zikipangwa kurasa nne ukinzani hupungua, lakini nuru ipitayo hushuka hata kama asilimia 91. Kila tabaka liongezalo nguvu hudai sehemu yake ya nuru. Wataalamu huutia ukurasa dawa za kuuongezea chaji, nazo baadhi ya dawa hizo hufifia kadiri siku zipitavyo. Kazi yao basi si kutafuta kitu kisicho na gharama, bali ni kukubali gharama ijulikanayo na kuiweka mahali isipodhuru sana.

Ngombezi iliijua hesabu hii kabla grafini haijapata jina. Mkonge uliletwa katika nchi hii mwaka 1893 na Richard Hindorf. Katika kila sehemu 100 za jani lake, nyuzi ni kama sehemu 4 tu. Manamba walitoka mbali kuja kukata, mashine zikakwangua, na nyuzi zikapakiwa katika reli kwenda bandari ya Tanga na ng'ambo. Nchi ilipisha mali kama kioo kipishavyo nuru: kilichopita kilikwenda kuangaza kwingine. Mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa, lakini wakati huo bei ilikuwa imeshuka, na kamba za plastiki zilikuwa zikinyang'anya soko. Mkono ulijifunza kushika saa ile nuru ilipokuwa ikififia.

Leo kinywe kimo katika ardhi ya Mahenge, wilayani Ulanga, na marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017 yameipa Serikali haki ya hisa zisizopungua asilimia 16 bila malipo katika migodi mikubwa na ya kati. Huko ni kushika, na kushika ni haki. Hata hivyo grafini ya kufunika seli za jua mara nyingi haibanduliwi kutoka katika jiwe. Huoteshwa kwa gesi ya methani juu ya karatasi ya shaba yenye moto wa kama nyuzi 1,000 za sentigredi. Asiye na kinywe aweza kuwa na grafini, na mwenye kinywe aweza kuikosa. Wahenga walisema kwenye miti hakuna wajenzi. Kosa si la miti.

Basi jibu la swali halimo katika upole peke yake wala katika nguvu peke yake. Mtu asiyemzuia yeyote na asiyembebea yeyote hana kosa, lakini pia hana msaada. Mtu abebaye vyote na kuwafunikia wenzake jua ana nguvu ambayo haina cha kubeba. Nchi nayo ni vivyo hivyo: ikifunga mlango, hakuna kitakachoingia, na ikiuacha wazi bila ya kujifunza kuokota, itabaki dirisha la nyumba ya mwingine. Aliye mwema hukubali kupoteza kidogo katika kupisha ili apate kubeba, na hukubali kubeba kwa kiasi ili aendelee kupisha. Kiasi hicho hakiandikwi mara moja kwa siku zote. Hupimwa, hukosewa, na hupimwa tena. Na wenye haki ya kwanza ya kuuliza kipimo ni wale ambao migongo yao ilibeba mkonge.