Tukawatazame Ndugu Hali Zao

Neno la kusomwa kwanza: Matendo ya Mitume 15:36–41



Safari ya pili ya Mtume Paulo haikuanza kwa shauri la kwenda nchi mpya. Ilianza kwa sababu aliwakumbuka watu wa miji aliyokwisha kuipita, akataka kuwarudia na kujua hali zao. Wasomaji wengi huliruka neno hili, maana macho yetu hukimbilia Makedonia na gereza la Filipi. Leo na tukae nalo kidogo. Na ili tulielewe, nawapeleka mbali, hata kijiji kimoja cha pwani ya Norwe, karibu na mpaka wa Urusi.

Jina lake ni Bugøynes. Kwa Kifini huitwa Pykeijä. Merikebu za pwani hutoka Bergen, hupanda kaskazini siku nyingi, na kituo chao cha mwisho ni Kirkenes. Tangu hapo mgeni hushika njia ya nchi kavu, kama kilomita 100, akipita vilima vya mawe, ndipo aone nyumba za mbao zilizosongamana kando ya ghuba ya Varanger. Wakazi wake ni kama mia mbili. Tangu mwisho wa Novemba hata katikati ya Januari jua halichomozi kabisa. Na wakati wa kiangazi halituwi kwa muda upatao miezi miwili. Walakini bahari haigandi, kwa kuwa mkondo wa maji ya vuguvugu kutoka kusini huifikia. Samaki hutundikwa juu ya chanja wakauke kwa upepo. Sisi hutia ng'onda chumvi. Kule baridi hufanya kazi ya chumvi.

Wazee wa wakazi hawa walitoka Finland katika karne ya 19, wakikimbia njaa, wakakaa penye samaki. Injili waliijua kwa lugha yao, maana Mikael Agricola, mwanafunzi wa Luther, alikwisha kuchapisha Agano Jipya kwa Kifini mwaka 1548. Tena kulikuwa na mchungaji wa Kilutheri upande wa Sweden, Lars Levi Læstadius (1800–1861), aliyehubiri toba kwa Kifini na kwa Kisami. Uamsho wake ulienea katika nchi zile za kaskazini, na waliouchukua hawakuwa wachungaji peke yao. Walikuwa wavuvi na wachungaji wa kulungu, watu wasio na cheo, waliokwenda nyumba kwa nyumba. Ninyi walimu wa mitaani, angalieni jambo hili. Waliingia jikoni, wakaketi, wakasema lugha ya mama mwenye nyumba.

Wageni wengine walikuja kwa nia nyingine. Kwa muda wa miaka mia na zaidi serikali ya Norwe ilitaka Wasami na watu wa asili ya Kifini waache lugha zao wawe Wanorwe tu, na shule ndiyo iliyotumiwa kwa kazi hiyo. Watoto walinyamazishwa. Tarehe 12 Novemba 2024 Bunge la Norwe liliomba radhi kwa ajili ya mambo hayo. Mtu aweza kutembelewa kila siku na mwenye kumfundisha, asiulizwe hata mara moja hali yake.

Kisha vita. Katika mwaka 1944 majeshi ya Wajerumani, yakirudi nyuma mbele ya Warusi, yalichoma moto karibu nchi yote ya Finnmark, nyumba na makanisa na mashua, na watu kama 50,000 wakahamishwa kwa nguvu. Bugøynes ni katika vijiji vichache vilivyosalimika. Nyumba zake za zamani zingali zimesimama.

Sasa sikilizeni yaliyotokea baadaye, wakati wa amani. Kiwanda cha samaki kilichowapa watu kazi kilianguka katika miaka ya 1980, na vijana wakaanza kuondoka. Mwaka 1989 wanakijiji walipeleka tangazo katika gazeti kubwa la nchi, Dagbladet. Waliuliza kama yuko mahali popote atakayewapokea, maana walitaka kuhama wote pamoja. Mtu aweza kusema, hiyo ilikuwa hila ya kuishtua serikali. Na iwe hivyo. Mimi nimelishika neno moja tu: wote pamoja. Hawakusema, Kila mtu na ajitafutie. Mzee asiyeweza tena kuvuta nyavu alihesabiwa pamoja na kijana mwenye nguvu. Ni sharika ngapi kwetu zingeweza kuandika tangazo la namna hiyo? Na kwa nini wavuvi walipaswa kununua nafasi gazetini ili waulizwe hali zao?

Hawakuhama. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa Urusi walikuwa wamechukua kaa wakubwa wekundu toka bahari ya mashariki, wakawatia katika bahari ya Barents. Kaa hao, ambao miguu yao ikinyoshwa yaweza kuzidi mita 1.5, walivuka mpaka bila hati, wakajaa ghuba ya Varanger, wakanaswa nyavuni na kuziharibu. Wavuvi waliwachukia. Lakini mwaka 2002 Norwe iliruhusu kuwavua kwa biashara, na leo kaa aliyekuwa adui hununuliwa kwa bei kubwa katika nchi za mbali, na kijiji kina kazi. Nisiwafiche, kaa huyu hula viumbe wa chini ya bahari na kuiharibu, hata Wanorwe hujitahidi kumzuia asienee magharibi. Riziki hii basi ina mchanganyiko, kama riziki zetu nyingi.

Ndugu wazee wa kanisa, najua mashauri yetu mwisho wa mwaka. Mtaa ule wa ng'ambo ya mto una nyumba sita. Sadaka yake haitoshi mafuta ya pikipiki. Kwa nini tusiufunge? Labda itakuwa lazima kuufunga. Lakini kabla ya kuhesabu, aende mtu. Asiende na daftari ya michango mkononi. Aketi jikoni, aulize habari za mvua na mihogo, na za yule mtoto aliyekwenda mjini asirudi. Alale huko usiku mmoja. Akiwakuta wanasali kwa lugha ya nyumbani, asali nao kwa lugha hiyo, na kama haijui, anyamaze asikilize. Kisha arudi kuleza baraza aliyoyasikia, hata yasiyopendeza.

Wala msingoje mpaka wote wapatane nani aende. Paulo na Barnaba hawakupatana. Waligombana kwa ajili ya Marko, kwa uchungu, na Luka hakuona haya kuliandika. Barnaba alimchukua Marko, wakasafiri kwa bahari hata Kipro. Paulo alifuatana na Sila kwa nchi kavu, wakipita Shamu na Kilikia. Makanisa yale yalipata wageni.