Pingili ya Kwanza

Huko Kawangware, jijini Nairobi, ambako ardhi ni adimu, bustani ya skuli huweza kuwa gunia moja la udongo lililosimamishwa kando ya ukuta. Na mtoto, baada ya kuchomeka kidole udongoni mpaka pingili ya kwanza, hupanda mche wa sukumawiki, akaamrishwa asiuzamishe kwa maji, wala asiung'oe kesho yake kutazama kama umetia mizizi. Wengi, wallahi, huung'oa. Waacheni. Mche mmoja ni ada ndogo kwa ilimu hiyo.

Kisha mpelekeni Arboretum, karibu na Ikulu, bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka 1907 ili kujaribia miti ya kulipatia gari-moshi kuni. Na hapo mtoto yule yule, aliyezoea mche usiofika goti, atainua shingo mpaka kofia imdondoke, aulize ni nani aliyeungoja mti huu. Aliyeupanda hakuungoja. Aliupanda, akenda zake.

Nawe uliye ndani ya matatu ukielekea mjini, itafute katika shughuli zako za leo ile ambayo mavuno yake ni ya mwingine, uianze hiyo kabla ya chai ya saa nne.